Nyumba Inayokulia Uani

Mteja akiniambia ana nyumba ya zamani Ilala, Temeke au Magomeni na anataka kuongeza vyumba viwili, namuuliza kwanza mlango wa uani uko wapi, na ukifunguliwa mtu anaona nini. Wengi hushangaa. Wamekuja na picha kwenye simu: sebule yenye dari ya gipsamu, jiko lenye makabati, chumba cha masta chenye choo chake. Mimi nawauliza habari za mlango wa bati wanaopita kwenda kuanika nguo. Nauliza kwa sababu nyumba ya Kiswahili hukulia uani. Tangu zamani vyumba vya ziada vilijengwa huko, na ukitaka kuongeza vizuri leo lazima ujue nyumba imekwisha kukua mara ngapi kabla hujafika wewe, na kila mara ilikuwa inakimbia shida gani.

Kazi yangu ni kuchora ramani, na nyingi ninazochora ni za marekebisho. Wenye viwanja vitupu vya Goba na Kigamboni huenda kwa wachoraji wengine. Mimi naletewa nyumba zenye umri wa bibi yangu, ambazo hazina ramani kabisa, au zina ramani iliyokwishaachwa nyuma na nyumba yenyewe. Napima, nagonga kuta kwa kidole nisikie kama ni tofali au ni udongo uliopigwa lipu ya saruji, napanda juu kutazama kenchi. Halafu nakaa na mkubwa wa nyumba aniambie chumba kipi kilitangulia.

Umbo lenyewe kila mtu wa mjini analijua. Mbele kuna baraza. Mlango uko katikati. Ukiingia unakuta korido iliyonyooka, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, milango ikitazamana. Mwisho wa korido kuna mlango wa pili, na nje yake ni uani: jiko, bafu, choo cha shimo, stoo ya mkaa, kamba za nguo, pipa la maji, pengine mpapai. Chumba ni futi kumi kwa kumi, au kumi kwa kumi na mbili. Ukikuta chumba kikubwa kuliko hapo katika nyumba ya vyumba sita, jua kuna ukuta uliovunjwa. Milango miwili ya korido ikiwa wazi, upepo unaingia mbele na kutokea nyuma, na ndiyo maana Januari na Februari watu walitandika mkeka koridoni wakalala mchana. Umbo hili utalikuta Tabora na Ujiji, utalikuta Majengo ya Mombasa na Pumwani ya Nairobi, utalikuta hadi Buyenzi kule Bujumbura. Watu wa pwani walikwenda nalo kila walikohamia kwa biashara na kazi.

Sidai kwamba nyumba ya Magomeni ni mjukuu wa nyumba ya mawe ya Lamu. Hayo wabishane wanahistoria. Lakini Lamu ndiko nilikoona wazi kwamba kuongeza nyumba ni elimu ya siku nyingi pwani, yenye kanuni zake. Nyumba kubwa za kule, nyingi zikiwa za karne ya 18, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zinabebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ni ngumu na mchwa hawaipendi, ila haiwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa kwa upana unaozidi mita tatu hivi. Kwa hiyo vyumba vikawa virefu na vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine: unatoka daka la mlangoni, unapita tekani, unatokea kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi juu, kisha msana wa chini, msana wa juu, na mwisho ndani, palipo na zidaka, yaani vishubaka, ukutani. Kadiri unavyoingia ndivyo faragha inavyozidi, na sakafu nayo inapanda kidogo kidogo. Usam Ghaidan, msanifu majengo aliyezipima nyumba hizo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1975, alichora mpangilio huu kwa uangalifu ambao mpaka leo unanifundisha kazi.

Sasa, nyumba kama hiyo inaongezwaje? Katika familia zenye uwezo, binti akiolewa hakuondoka. Mume ndiye aliyekuja. Baba alimjengea sakafu nyingine juu ya nyumba ya mama yake, au nyumba ya pili ng'ambo ya kichochoro, na nyumba hizo mbili zikaunganishwa kwa wikio, chumba kinachokaa juu ya njia huku watu na punda wakipita chini yake. Wanawake walitembeleana bila kukanyaga mtaani. Ukipita mtaa wa Mkomani kule Lamu leo bado unapita chini ya mawikio hayo. Jambo ninalolishika mimi ni hili: ongezeko lilikwenda juu au lilivuka njia. Kiwanda kilibaki wazi, kwa sababu kuta za nje hazikuwa na madirisha ya maana, na mwanga wote wa vyumba ulitoka pale katikati.

Dar es Salaam ilipata umbo lake kwa amri. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji katika miaka ya 1860, akafariki mwaka 1870 kabla haujakua. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo, na kanuni zao za ujenzi zikaanza kugawa mji kwa vifaa: mawe na chokaa upande wa bahari, miti na makuti upande wa bara. Miaka ya mwisho ya utawala wao wakapima mitaa iliyonyooka pale panapoitwa Kariakoo sasa, viwanja vidogo vikipangwa safu kwa safu. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliurithi mpango huo wakauendeleza: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na Mnazi Mmoja kama uwazi wa kutenganisha.

Mambo mawili katika amri hizo yaliifanya nyumba ya Kiswahili iwe ilivyo, na sidhani waliozitunga walikusudia lolote kati yake. La kwanza ni kiwanja chenyewe. Kilikuwa na majirani kulia na kushoto, na mtaa mbele. Nyumba ilijaza upana wote isipokuwa upenu wa kupita mtu mmoja. Haikuweza kukua ubavuni, haikuweza kukua mbele. Njia ilibaki moja. La pili ni vifaa. Mwafrika alipewa kiwanja kwa kibali kifupi na kutarajiwa ajenge kwa vitu visivyodumu: nguzo za mikoko, fito, udongo, makuti. Ulikuwa unyonge, kwa sababu nyumba isiyodumu haiwekwi rehani wala haimpi mtu usalama wa kesho. Mombasa ilikuwa hivyo hivyo kwa namna nyingine: mtu alimiliki nyumba juu ya ardhi ya mwingine, na angeweza kuambiwa aondoke. Lakini ukuta wa udongo una jambo moja ambalo ukuta wa mawe hauna. Ukitaka mlango pale, unakata fito kwa panga, unatia miimo, unakandika upya, na jioni mtu analala. Vizazi viwili vya watu wa mjini vilizoea kuibadilisha nyumba kila shida ilipobadilika, na zoea hilo halikuondoka saruji ilipokuja.

Korido nayo iliongeza jambo. Kwa kuwa kila chumba kina mlango wake unaotokea koridoni, nyumba inaweza kugawanywa bila kujenga chochote. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja au viwili, vinavyobaki anapangisha. J. A. K. Leslie, afisa wa kikoloni aliyeuchunguza mji katika miaka ya 1950 na kitabu chake kikatoka mwaka 1963, aliwaeleza wenye nyumba wanaoishi pamoja na wapangaji wao chini ya paa moja. Baadhi ya wenye nyumba hao walikuwa wanawake. Mjane, mwanamke aliyeachika, mama wa maandazi au wa pombe: hawa hawakuwa na mshahara wa bandarini wala wa reli, ila waliweza kuwa na nyumba, na nyumba ikawalisha. Nairobi, Pumwani, ilikuwa vivyo hivyo. Historia ya mji huu ikiandikwa kwa kufuata kodi za vyumba, itawataja akina bibi kabla ya wakuu wa wilaya.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alitoka Rufiji, akapata kiwanja Magomeni viwanja vilipokuwa vinagawiwa katika miaka ya 1950, akauza vitumbua asubuhi na samaki wa kukaanga jioni. Kaka yake alimletea boriti kwa jahazi kutoka delta. Nyumba yake ndiyo niliyoipima kwa makini kuliko zote, na naieleza hapa kwa sababu naijua ukuta kwa ukuta.

Alianza na vyumba viwili vya mbele na kipande cha korido kilichoishia hewani. Watu hawakuwahi kujenga vyumba sita kwa mkupuo isipokuwa wenye fedha. Alisimamisha kulia na kushoto, akafunga nyuma kwa makuti, akahamia. Chumba cha kulia alikaa yeye na watoto, cha kushoto akampangisha karani wa forodha. Kodi ya karani ikanunua nguzo za vyumba viwili vya kati, na kodi ya vyumba vya kati ikanunua vya mwisho. Mama mkubwa anakumbuka siku za kukandika, wanawake wa mtaani wakikanyaga udongo kwa miguu, sufuria ya wali ikipikwa palepale uani. Kila vyumba viwili vilipoongezeka, makuti ya nyuma yalisogezwa, mlango wa uani ukasogea nao, na ua ukapungua futi kumi. Hakuna aliyeona hasara, kwa kuwa ua ulikuwa mkubwa na ulipangwa upungue hadi pale, usizidi.

Uhuru ulipokuja, Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, lilianza kubomoa vibanda vya makuti katika mitaa ya zamani na kujenga nyumba za kudumu, Magomeni ikiwamo. Bibi hakusubiri wala hakubomolewa. Kiwanda cha saruji cha Wazo kilipoanza kazi mwaka 1966, akaanza kubadilisha ukuta mmoja mmoja. Mafundi walisimamisha tofali ndani ya mstari wa nguzo zilezile, paa likiwa juu limeshikiliwa na boriti, wakavua udongo, wakahamia ukuta unaofuata. Bati lilikwisha kuchukua nafasi ya makuti. Kwa hiyo ile nyumba ya tofali ni nyumba ya fito iliyobadilishwa ngozi, na vipimo vyake ni vya boriti ya mkoko: futi kumi, kwa sababu boriti zilizokuja na jahazi zilitosha futi kumi na kuegemea.

Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Nyumba ya vyumba sita ya Magomeni haikukaribia kiasi hicho, na bibi aliendelea kukusanya kodi yake kila mwisho wa mwezi kama kawaida.

Banda la uani lilijengwa mjomba mkubwa alipooa. Hapa nataka kukaa kidogo, maana banda hili lilijengwa na mtu aliyejua anachofanya. Liliwekwa mwisho kabisa wa kiwanja, likiegemea ukuta wa jirani wa nyuma: vyumba viwili, kibaraza chembamba, milango ikitazama nyumba kubwa. Bati lake liliteremka kuelekea uani, na chini ya ukingo wake likawekwa pipa. Kati ya banda na nyumba kubwa ulibaki ua wa karibu mita sita. Mjomba na mkewe walikuwa na mlango wao, jiko lao, usiri wao, na bado walikuwa nyumbani kwa mama. Mvua ya masika ilijaza pipa kutoka paa mbili. Korido iliendelea kupata upepo, vyumba vya mwisho vikaendelea kufungua madirisha nje. Nimeona ramani nyingi za wasomi, nami nimechora nyingi, na ni chache zilizotatua ndoa ya mtoto wa kwanza kwa adabu kama banda lile.

Miaka ya 1980 haikujenga kitu. Saruji ilipatikana kwa kibali, bati halikuonekana, na matobo ya paa yalizibwa kwa madebe yaliyofunguliwa na kunyooshwa. Biashara ilipofunguliwa, baraza likaondoka. Upande wa kulia ukafungwa kwa tofali, dirisha la chumba cha mbele likawa mlango, ikawa fremu ya duka. Siwalaumu. Mtaa ulikuwa umekuwa soko, na baraza halilipi kodi. Ila wazee waliokuwa wakicheza bao pale walihamia kwa jirani, na jirani naye alipojenga fremu sijui walikwenda wapi.

Kosa lenyewe lilikuja baadaye, wajukuu walipokuwa wengi na chumba Magomeni kikawa na bei. Viliongezwa vyumba viwili moja kwa moja nyuma ya nyumba kubwa, vikiegemea ukuta wake. Mita tatu na ushee zikaondoka uani. Kisha ikajengwa stoo na jiko mbele ya banda, ikaondoka mita nyingine na zaidi. Nilipopima, ua uliokuwa na kina cha mita tisa kabla ya banda ulikuwa umebaki njia ya mita moja na robo, mabati ya pande mbili yakikaribia kugusana juu yake.

Niwaonyeshe kwa karibu ukuta huo ulioegemewa, kwa sababu shida ya nyumba zote za namna hii inaonekana pale. Nyumba kubwa ina msingi mfupi wa mawe na udongo, uliokwisha kukaa kwa miaka mingi. Chumba cha kuegemea kina msingi mpya wa zege, na ardhi chini yake bado inashuka. Fundi aliunga tofali mpya kwenye ukuta wa zamani kwa kuacha meno, akapiga lipu juu yote, pakaonekana pamoja. Masika ya kwanza ukatokea ufa. Unaanzia kwenye kona ya linta, unapanda wima hadi chini ya bati, ndani yake unaweza kuingiza sarafu. Uliwahi kuzibwa kwa saruji, ukafunguka tena palepale, kwa sababu zile ni nyumba mbili zinazoshuka kwa mwendo tofauti na saruji haiwezi kuzipatanisha. Meno yanafaa pale misingi inapolingana. Isipolingana, acha uwazi wa kidole kati ya kuta mbili, uufunike kwa ubao upande wa ndani, kila nyumba ishuke peke yake.

Juu ya ufa kuna bati. Paa la nyumba kubwa linateremka kuelekea nyuma. Chumba cha kuegemea lazima kianze chini ya ukingo wake na kuendelea kuteremka, ili maji yatoke. Hesabu yake ni rahisi: ukianza na ukingo wa mita mbili na nusu, ukateremka kwa zaidi ya mita tatu, upande wa mbali unagusa bati ukinyoosha mkono. Mchana wa Februari chumba hicho hakikaliki. Ndani ya vyumba viwili vya mwisho vya nyumba kubwa, madirisha yaliyokuwa yakitazama mwembe wa uani yanatazama kitanda cha mpangaji. Wameyaziba kwa tofali. Nayo korido, ambayo sasa inaishia kwenye mlango wa chumba, inawashwa taa saa sita mchana. Vyumba viwili viliongezwa, na vyumba vinne vikapoteza hewa.

Hii si habari ya Magomeni peke yake. Mwaka 2003 Huba Nguluma, mtafiti wa Chuo cha Ardhi, aliandika tasnifu kuhusu jinsi wakazi wa Hanna Nassif, hapa Dar es Salaam, wanavyozigeuza nyumba zao, na ukiisoma utaona familia nyumba hadi nyumba zikifanya maamuzi yaleyale kwa sababu zilezile. Viwanja vilivyopimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni katika mradi wa Benki ya Dunia ulioanza miaka ya 1970 vilizaa mazoea mengine: nyumba ikakaa katikati ya kiwanja, eneo likaizunguka pande zote, ua halisi ukapotea hata kabla ya kuliwa, maana vipande vinne vyembamba kuzunguka nyumba havianikiwi mahindi wala havifanyiwi shughuli ya harusi. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, ghorofa ndefu za Michenzani zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki zilipita juu ya nyumba za Ng'ambo. Zilikuwa na maji na umeme, na watu walistahili vyote viwili, lakini nani alimuuliza mama wa Ng'ambo atatwanga wapi?

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu uani hufanya kazi nyingi ambazo hazina chumba. Pale ndipo mkaa unapowashwa moshi usiingie ndani. Pale maiti ya mwenye nyumba iliandaliwa nyuma ya pazia la kanga, na turubai la matanga likafungwa. Pale mtoto alijifunza kutembea bila hofu ya bodaboda. Wapangaji wa vyumba sita, Mzaramo, Mngoni, Mnyamwezi, walijuana kwenye foleni ya bomba la uani, na mwenye nyumba aliamua ugomvi wao kutoka kwenye kigoda chake. Mchoraji anayeliona hilo kama eneo lililobaki hajawahi kuishi katika nyumba ya kupanga.

Kwa hiyo ninapopewa nyumba ya namna hii naanza kwa kuichora kwa miaka. Kila kipindi nakipa rangi yake: udongo wa kwanza, tofali la kwanza, banda, fremu, vyumba vya kuegemea. Ramani ikikamilika wenyewe wanaona, bila mimi kusema sana, ni rangi ipi iliyoziba nyingine. Karibu kila mara ni ya mwisho.

Familia yetu ilipokubali kukaa na kuzungumza, niliweka mezani pendekezo la kuondoa vyumba viwili vya kuegemea na ile stoo, kuvunja banda na kulijenga upya palepale lilipokuwa, safari hii kwa nguzo za zege na sakafu ya juu: vyumba viwili chini, viwili juu, ngazi ikipanda kutoka uani. Bibi wa Lamu angeielewa ramani hiyo mara moja. Vyumba viwili vya mwisho vya nyumba kubwa vigeuzwe, kimoja jiko na kingine sebule, vyote vikifunguka uani kwa milango mipana. Korido irudishiwe mlango wake. Ua ubaki mita tano na nusu hivi, bila kitu katikati isipokuwa shimo la maji machafu lenye mfuniko, lililosogezwa mbali na msingi.

Mjomba mdogo alinihesabia kwa vidole. "Mpwa wangu, leo tuna vyumba kumi pamoja na fremu. Kwako tunabaki na vinane. Unatuongezea nyumba kwa kutupunguzia vyumba?"

Nilimjibu kwa hesabu yake mwenyewe, maana daftari la kodi analo yeye. Vyumba vya kuegemea vilikuwa vya bei ya chini kuliko vyote, na wapangaji wake walihama kila masika maji yalipoingia kwenye maungio. Viwili vya mbele yake, vilivyozibwa madirisha, vilikuwa vimekuwa stoo za kuwekea magodoro na mafriji mabovu, hata kodi havikuingiza. Kati ya vile kumi, vilivyolipa mwaka mzima vilikuwa sita. Ramani mpya ilikuwa na vinane vyenye dirisha la nje, vinne kati yake vikiwa na choo karibu na mlango wake, pamoja na sebule na jiko la familia ambavyo hatukuwa navyo kabisa. Mama mkubwa hakungoja hesabu iishe. Alisema anataka pa kuweka kigoda.

Ghorofa, hata moja, inahitaji michoro ya mhandisi na kibali cha manispaa, na hilo lilichukua muda wake. Mafundi walianza na bati la vyumba vya kuegemea. Walipolitoa, jua liliingia koridoni hadi mlango wa chumba cha tatu, na sakafu nyekundu ya bibi, ile iliyosuguliwa kwa dagi la nazi, ikaonekana imepauka upande mmoja tu, ule uliokuwa ukipata mwanga zamani. Tulipovunja ukuta tulikuta nguzo mbili za mkoko bado zimesimama ndani ya tofali, kavu, ngumu kama siku zilipopakuliwa. Fundi alitaka kuzitupa. Zimetumika kama nguzo za kibaraza cha banda.

Fremu ya mbele tumeiacha. Niliichora mara mbili, mara moja bila yake na baraza likiwa limerudi, na mara moja ikiwapo, na wote walichagua ya pili, mimi nikiwamo. Ina mpangaji anayeuza vifaa vya simu, analipa miezi sita kwa mkupuo, na kodi yake ndiyo iliyonunua nondo za sakafu ya juu.